Mtoto anakesha akikata video? Kaa naye kwanza, ndipo umnyang'anye kompyuta

Jumapili moja asubuhi jirani yangu alinigongea mlango. Kwa kuwa naandika habari za afya, majirani wamenifanya zahanati ya mtaa: huyu analeta majibu ya vipimo, yule mtoto mwenye vipele. Huyu alileta malalamiko. Mwanawe amemaliza kidato cha nne, anasubiri matokeo, na kila usiku anakesha na kompyuta ya mjomba wake akikata video za harusi. Asubuhi macho mekundu, chai haitaki. Mama alitaka kujua mambo mawili: macho yanaharibika? Na je, hiyo ni kazi, au ni mchezo wa simu uliohamia kwenye kompyuta?

La kwanza nililijibu palepale. La pili ilibidi niende nikakae na kijana.

Baada ya shikamoo na kunitafutia kiti, alinionyesha picha za harusi zenye urefu wa saa sita. Mteja anataka dakika nne. Ndani yake kuna hotuba ya baba mkubwa wa bibi harusi, ndefu kama hotuba zote za baba wakubwa. Kijana alibakiza sentensi mbili tu za sauti yake, na sura ya msemaji akaiondoa kabisa. Mahali pake aliweka mama wa bibi harusi akijifuta machozi kwa ncha ya mtandio, kitendo kilichotokea saa nzima baadaye, wakati wa kuagana. Vikiwa pamoja, ungeapa vilitokea kwa pamoja. Jirani yangu, aliyekuwa amesimama mlangoni, alisogea. Hakusema kitu. Alimwomba tu mwanawe arudishe nyuma atazame tena.

Hiyo ndiyo kazi ya mhariri wa filamu na televisheni, ambaye mtaani tunamwita edita. Anapokea kila kilichopigwa na kamera, anatupa sehemu kubwa, kisha anaamua kipi kifuate kipi, kikae kwa muda gani na kwa sauti ipi. Akiifanya vizuri, hutamwona.

Ukubwa wa kazi yenyewe huwashangaza wengi. Margaret Sixel, mzaliwa wa Afrika Kusini anayeishi Australia, alipewa kuhariri Mad Max: Fury Road, filamu iliyopigwa kwa sehemu kubwa katika jangwa la Namibia mwaka 2012. Zilikuwa picha za takriban saa 480. Kuzitazama tu bila kulala kungechukua siku 20. Alizifikisha kwenye saa mbili, na mwaka 2016 akapata Oscar, ingawa kabla ya hapo hakuwa amehariri filamu ya mapigano.

Anayeanza hapewi filamu. Hupewa faili: kunakili picha kwenye diski mbili, kuzipa majina, kulinganisha sauti na midomo. Thelma Schoonmaker, mhariri wa Martin Scorsese mwenye Oscar tatu, alitaka kuwa mwanadiplomasia. Aliingia kwenye fani baada ya kujibu tangazo la gazeti lililotafuta msaidizi wa mhariri. Hapa kwetu, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha filamu na televisheni, na TaSUBa ya Bagamoyo inafundisha sanaa kwa vitendo. Kwa kujifunza nyumbani, programu ya DaVinci Resolve ina toleo la bure. Mzazi, usiuze kiwanja kununua kompyuta kabla hujaona kazi ndogo kumi alizozimaliza. Na mfundishe kudai malipo ya awali, maana baadhi ya wateja wa harusi hupotea na video yao.

Sasa macho. Kioo cha kompyuta hakipofushi mtu. Tatizo ni kwamba tukikikodolea tunapepesa macho mara chache, macho yanakauka, yanawasha na kuwa mekundu. Kila dakika 20, atazame kitu kilicho umbali wa mita sita kwa sekunde 20. Ukungu au maumivu ya kichwa yakiendelea, apelekwe akapimwe. Wadogo wanahitaji pia muda wa kucheza nje mchana, kwani husaidia kuchelewesha tatizo la kutoona mbali.

Inafurahisha kwamba Walter Murch, mhariri wa The English Patient, aliandika kitabu kizima akilinganisha mkato wa filamu na kupepesa jicho. Huyo huhariri akiwa amesimama, na mgongo wake bila shaka unamshukuru.

Hedifoni zisivuke asilimia 60 ya sauti. Usingizi ndio mgumu zaidi. Kijana wa umri huu anahitaji saa nane hadi kumi, na kazi hii ina tabia ya kula usiku, hata kwa watu wazima wenye familia. Asipozoea kuweka kikomo akiwa nyumbani, mteja hatamwekea.

Walikubaliana saa nne usiku. Jumapili iliyofuata nilipita kwao jioni, nikakuta kompyuta imeinuliwa juu ya vitabu vya kidato cha nne ili kioo kilingane na macho. Mama yake amekaa pembeni anachambua mchele, anasubiri kuonyeshwa harusi nyingine.