Paka au imbwa akishindwa kukojoa, usingoje kesho

Wandugu wakulima wa Mavivi, wengi wetu tuko na paka juu ya kulinda mahindi, maharagwe na karanga kwenye depo, na imbwa juu ya kulinda mbuzi na nyumba. Lakini ni wachache wanaoangalia namna wanyama hao wanakojoa.

Paka dume: hatari ya haraka

Njia ya mkojo ya paka dume ni nyembamba sana. Kamasi na vijiwe vidogo kama mchanga vinaweza kuiziba. Mkojo ukikosa kutoka, sumu ambayo figo zilipaswa kuitoa inabaki ndani ya damu, na mwisho moyo unasimama. Paka aliyezibwa kabisa anaweza kufa ndani ya siku 2 au 3.

Alama ni hizi: anachuchumaa mara nyingi lakini yanatoka matone tu, au hakuna kitu, analia, anajilamba sana pale chini, kisha anakataa chakula na kutapika. Watu wengi wanafikiri amefunga choo, wanamnywesha mafuta ya mawese. Hayo hayasaidii, na wakati unapita.

Mpeleke siku ileile kwa veterineri, Beni ao Oicha. Yeye anaweza kupitisha mrija mdogo na kufungua njia. Usimkamue tumbo, kibofu kinaweza kupasuka. Na usimpe paracetamol hata kidogo: kidonge kimoja cha watu kinatosha kuua paka.

Imbwa

Kwa imbwa jike, mara nyingi ni mikrobe iliyoingia kibofuni. Anakojoa kidogo kidogo, mkojo unanuka sana ao uko na damu. Dawa iko, lakini kipimo kinafuata uzito wake. Usimpe kapsuli zilizobaki za watoto. Kwa imbwa dume, jiwe linaweza kukwama njiani. Huyo naye akikosa kukojoa kabisa, ni haraka kama paka.

Mkojo na afya ya watu

Kuko ugonjwa unaoitwa leptospirosi. Mikrobe yake inakaa ndani ya figo za panya na kutoka na mkojo. Imbwa anaipata kwenye maji yaliyotuama, kisha naye anaitoa kwa mkojo wake. Mtu anaweza kuipata kupitia kidonda mguuni ao mkononi. Imbwa akiwa na homa, anatapika na macho yamekuwa manjano, msimshike bila kinga ya mikono, mvae buti mnaposafisha, na mnawe kwa sabuni. Mtu wa nyumba akipata homa kali kisha, aende kituo cha afya na aeleze habari ya imbwa.

Namna ya kuzuia

- Maji safi kila siku, hata kama anakula fufu yenye mchuzi.
- Makayabo yasiwe chakula chake: chumvi ni nyingi.
- Imbwa anayefungwa mchana afunguliwe asubuhi na jioni akojoe.
- Funikeni chakula na maji, panya wasikojolee humo.

Katika mkutano wenu ujao, mupatane mapema: nani ana namba ya veterineri, na nani ana pikipiki. Siku paka atakapozibwa, hamtakuwa na wakati wa kuulizana.