Milima Kushoto, Mto Kulia: Kwa Gari Kutoka Olasiti Hadi Pangani

Asubuhi magari ya utalii yanayopita jirani na Olasiti, Arusha, hushika uelekeo mmoja. Yanakwenda Kisongo, yanakwenda Makuyuni, kisha yanagawana njia za Tarangire, Manyara, Ngorongoro na Serengeti. Ndani yake wamo Wajerumani, Waitaliano na Waswisi waliovuka bahari kuja kutazama tembo. Na kijana wa Olasiti anayewapungia mkono, akipata bando usiku, hutazama video za walikotoka: barabara zinazopanda milima ya Alps kwa kona kali, miji ya mawe yenye kuta za karne za kati, maziwa yaliyotulia chini ya theluji.

Ndoto hiyo haina ubaya, ila ina gharama yake. Ada ya viza ya Schengen kwa mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024, na ukikataliwa hairudi. Lazima uwe na bima ya safari inayofikia yuro 30,000. Ukishafika, gari linaendeshwa mkono wa kulia. Uswisi na Austria zinadai stika ya kulipia barabara kuu, na njia nyingi za juu milimani hufungwa majira ya baridi kwa sababu ya theluji. Mwenye uwezo na aende. Lakini mwenye gari dogo, wiki moja ya likizo na watoto wawili kiti cha nyuma anaweza kuipata safari ya aina hiyohiyo, milima mirefu mwanzoni na miji ya mawe mwishoni, bila kugonga muhuri hata mmoja kwenye pasipoti. Njia yake inaanzia Olasiti, ila yeye anageuza gari upande wa mashariki.

Wajerumani wana barabara yao maarufu iitwayo Romantische Straße, kutoka Würzburg hadi Füssen chini ya Alps. Haikujengwa upya kwa ajili ya watalii. Mwaka 1950, vita vikiwa vimeisha na nchi ikihitaji wageni, miji iliyokuwepo tayari, kama Rothenburg yenye ukuta wake, iliunganishwa kwa jina moja na vibao vya njiani. Njia ya kutoka Mlima Meru hadi Pangani ina hoja nzito zaidi ya kuhesabiwa kuwa safari moja, maana inaunganishwa na maji. Mto Themi unaopita katikati ya Arusha, Nduruma, na mto uliolipa jina Usa River vyote vinaingia Kikuletwa. Kikuletwa hukutana na Ruvu, unaoleta maji ya Kilimanjaro na Pare, kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu lililojengwa miaka ya 1960. Kutoka hapo ni Mto Pangani, unaozungusha mitambo ya umeme ya Hale na Pangani, kisha unaingia baharini. Mvua inayonyesha Meru inamalizia safari yake Bahari ya Hindi, na barabara kuu inausindikiza mto huo karibu njia nzima.

Anayetoka Olasiti hana haja ya kupenya katikati ya jiji. Barabara ya mchepuo, yenye kilomita 42 hivi kutoka Ngaramtoni, itamtoa hadi Usa River huku Meru, wenye zaidi ya mita 4,500, ukionekana mkono wa kushoto. Kaa ukijua hilo wakati wa kugombania viti, kwa kuwa milima yote ya safari hii iko kushoto. Baada ya Meru inakuja Kilimanjaro, ambayo hupendelea kujionyesha alfajiri kabla mawingu hayajaamka, halafu milima ya Pare kutoka Mwanga hadi Same, halafu ukuta wa Usambara. Kulia ni nyika na mto. Aliyekaa kulia ataona mkonge, treni ya mizigo ikibahatika, na nyika tena.

Kosa kubwa katika kupanga safari hii ni kuhesabu kilomita. Olasiti hadi Mombo ni chini kidogo ya kilomita 300, na mtu aliyezoea hesabu za kwenye simu atasema ni saa tatu na nusu. Si kweli. Kila kijiji kina kibao cha 50, kina rasta na matuta, na mara nyingi kina trafiki mwenye tochi amesimama kivulini mahali ambapo dereva ameshaanza kukanyaga mafuta. Faini iliyozoeleka ya shilingi 30,000 kwa kosa moja, ikijirudia mara tatu, inatosha kulipia kitanda cha usiku. Malori ya mizigo nayo hayana haraka. Panga saa sita hadi saba kufika Lushoto, ukiweka mapumziko ya maana Same, na uondoke Olasiti saa kumi na mbili asubuhi. Ukichelewa hadi saa saba mchana, utapanda Usambara gizani, na hilo halifai.

Mwenye gari refu na moyo wa kutafuta anaweza kuiacha lami Same na kupita nyuma ya milima: Kisiwani, Maore, Ndungu, hadi Mkomazi. Njia hiyo inapakana na Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi, inakuonyesha mgongo wa kijani wa Pare, na inapita mashamba ya mpunga ya Ndungu. Juu kabisa, Mamba Myamba, ndiko inakotoka tangawizi nyingi ya nchi hii. Mwenye gari dogo asidanganyike. Aendelee na barabara kuu.

Kabla ya Mombo kuna kituo ambacho wengi hupita wamelala. Panaitwa Mazinde. Karne ya 19 milima yote ya Usambara ilitawaliwa kutoka Vugha na ukoo wa Wakilindi, na Mfalme Kimweri ye Nyumbai alifikisha mamlaka yake hadi vijiji vya pwani karibu na Tanga na Pangani. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alimtembelea mwaka 1848. Kimweri alipofariki mwaka 1862, ufalme uligawanyika, na mwanawe Semboja akajiimarisha Mazinde, chini ya mlima, kwa sababu moja: misafara ya kutoka Pangani kwenda bara ilipita hapo, ikiwa na vitambaa na bunduki, ikirudi na pembe. Kwa hiyo barabara hii ni ya zamani kuliko lami yake. Wajerumani walipoanza kujenga reli kutoka Tanga mwaka 1893, hawakubuni njia mpya sana. Reli ilifika Mombo mwaka 1905 ikifuata ubavu uleule wa milima.

Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 hivi, na hapa ndipo safari inapolipa. Mombo iko kwenye mita zipatazo 400 kutoka usawa wa bahari, Lushoto kwenye mita 1,400 hivi, sawasawa na Olasiti yenyewe. Maana yake ni kwamba umeshuka kilomita nzima bila kujua, na sasa unairudisha yote kwa mkupuo mmoja. Barabara ni nyembamba, upande mmoja mwamba, upande mwingine bonde, na chini mto unapiga kelele hadi maporomoko ya Soni. Lami ni nzuri lakini kona hazina huruma. Piga honi kabla ya kona isiyoonyesha mbele. Wakati wa kushuka, weka gia ndogo ileile ambayo ungepandia, uiache injini ishikilie gari, maana breki zinazokanyagwa kutoka Lushoto hadi Mombo huanza kunuka kabla ya kufika chini. Masika, Machi hadi Mei, udongo huporomoka na njia inaweza kufungwa kwa saa au siku. Juni hadi Agosti ni baridi na ukungu. Mtu wa Arusha atadhani ameizoea baridi, lakini abebe sweta.

Wajerumani waliuita mji wa Lushoto Wilhelmstal, na baadhi ya nyumba zao zingali na mapaa yaliyochongoka. Mtu akitaka Alps, hapa ndipo atakapofumba macho kidogo na kuipata: hewa ya misonobari, mboga kwenye matuta ya mlimani, kabichi na karoti kubwa kuliko za soko la Kilombero, Arusha. Plamsi, peasi na fyulisi hujaa barabarani karibu na Desemba hadi Februari. Lakini usiishie mjini. Irente, kilomita chache tu, kuna ukingo wa mwamba ambapo mlima unakatika ghafla na nyika ya Wamaasai inatandazwa chini, na barabara uliyopita jana inaonekana kama uzi. Kaa usiku mbili Lushoto. Usiku mmoja ni kuudharau mlima.

Ukishashuka, zamu ni ya pwani. Korogwe, Segera, Hale, Muheza: hapa mkonge ndio mwenyeji. Zao hili liliingizwa nchini mwaka 1893 na mtaalamu wa kilimo Mjerumani, Richard Hindorf. Miche 62 tu ndiyo iliyosalimika katika safari ya meli, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani, na kutokana nayo yakazaliwa mashamba yote haya. Muheza kuna njia ya kupanda Amani, katika Usambara ya Mashariki, ambako Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa kilimo na mimea mwaka 1902. Wapenzi wa misitu watatumia siku nzima huko. Wenye watoto waliochoka kona waende moja kwa moja Tanga, walale, wale samaki wa kupaka.

Na sasa miji ya mawe. Karibu kilomita 20 kusini ya Tanga, kwenye barabara ya Pangani, pana kibao kidogo cha Tongoni. Ni rahisi kukipita. Ndani, kati ya mibuyu na minazi, kuna msikiti wa kale uliobomoka na makaburi zaidi ya 40, mengi yakiwa na nguzo za matumbawe, kundi kubwa kuliko yote ya aina hiyo upande huu wa pwani. Mji ulistawi karne ya 14 na ya 15, wakati uleule ambao Rothenburg ilikuwa ikijivunia kuta zake. Waswahili wa hapa walichimba matumbawe, wakayakata, wakachoma chokaa, wakajenga, na wakapachika vyombo vya kauri vya ng'ambo kwenye makaburi ya watu wao wakubwa. Vyombo vimekwenda, vishimo vimebaki. Mwaka 1498 meli ya Vasco da Gama iitwayo São Rafael ilikwama kwenye mafungu ya mchanga ya maeneo haya, na mwaka uliofuata, akirudi kutoka India na mabaharia wengi wamekufa kwa kiseyeye, aliichoma papo hapo kwa kukosa watu wa kuiendesha.

Mwandishi anayepanga safari hii kwa wengine ana lawama moja, nayo inahusu vibao. Ujerumani, barabara yao ina vibao vya rangi ya kahawia vinavyomwongoza dereva. Sisi, dereva anaweza kutoka Arusha hadi Tanga bila kuambiwa na kibao chochote kwamba amepita njia ya misafara, kiti cha Semboja au maji ya Meru. Mikoa mitatu, Arusha, Kilimanjaro na Tanga, ingeweza kulitengeneza hili kwa mbao na rangi.

Pangani inafuata, kilomita 50 hivi kutoka Tanga. Milango ya kuchongwa ingalipo, boma lipo, na mdomo wa mto upo, mpana, wa rangi ya udongo. Hapa Abushiri bin Salim aliongoza watu wa pwani dhidi ya kampuni ya Wajerumani mwaka 1888, na hapahapa walimnyonga tarehe 15 Desemba 1889. Tembea mjini jioni, jua likiwa limepoa, ukiwa umevaa kiheshima.

Mambo ya gari ni machache lakini hayana mjadala: leseni na bima zilizo hai, pembetatu mbili, mtungi wa kuzimia moto, jeki, na tairi la akiba lenye upepo. Kwenda na kurudi, pamoja na kupotea kidogo, kunafikia kilomita 1,000 na ushee. Gari linalokula lita moja kwa kilomita kumi litataka zaidi ya lita mia. Mamlaka ya udhibiti, EWURA, hutangaza bei kikomo za mafuta Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na kwa kuwa mafuta ya kanda ya kaskazini hushushwa bandari ya Tanga, kwa kawaida bei ya Tanga huwa chini ya ile ya Arusha. Jaza tangi Tanga unaporudi.

Mwenye siku za ziada anaweza kuendelea kusini kwa Saadani hadi Bagamoyo, ambako magofu ya Kaole yanamsubiri, lakini aulize kwanza Pangani hali ya kivuko cha Bweni na ya barabara, kwani ujenzi wa daraja na lami umekuwa ukiendelea upande huo. Kilwa Kisiwani, mji mkubwa kuliko yote hii na ulioorodheshwa na UNESCO mwaka 1981, iachwe kwa likizo nyingine: ni zaidi ya kilomita 300 kusini ya Dar es Salaam, kibali kinakatwa Kilwa Masoko, na hatua ya mwisho ni ya boti.