Kufadhili malezi ya mchana mjini Goma

Ufadhili wa malezi ya mchana ni mpango ambao kanisa, shirika, mwajiri au mtu binafsi hulipa sehemu ya gharama za kumtunza mtoto ambaye hajafikia umri wa shule, ili mzazi wake aweze kufanya kazi. Mjini Goma, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wanaouhitaji zaidi si waajiriwa. Ni akina mama wanaouza samaki na makaa katika soko la Kituku, au wanaovuka mpaka wa Petite Barrière kwenda Gisenyi, Rwanda, na bidhaa kichwani. Kanuni ya Kazi ya Kongo ya 2002 inampa mama anayenyonyesha mapumziko mawili ya nusu saa kila siku, lakini mchuuzi asiye na bosi atamdai nani?

Elimu ya msingi bila malipo katika shule za serikali, iliyoanza 2019, haikuwafikia watoto wa umri huu. Sheria ya elimu ya 2014 inaitambua shule ya chekechea (maternelle) kwa wenye miaka 3 hadi 5, lakini mjini nyingi ni za binafsi: zinatoza ada na kuwarudisha watoto mapema, soko likiwa bado limechangamka. Basi mtoto hubebwa mgongoni juani, huachwa kwa jirani, au hulelewa na dada yake mwenye miaka tisa. Njia hii ya mwisho huonekana ni ya bure kwa sababu anayeilipia ni huyo dada, kwa masomo anayoyakosa.

Faida ya ufadhili imepimwa katika mtaa wa mabanda wa Korogocho, Nairobi, katika utafiti uliochapishwa 2019. Miongoni mwa akina mama waliopewa vocha za malezi, asilimia ya wenye kazi iliizidi ile ya wasiopewa kwa pointi 8.5. Wengi wa walionufaika hivyo walikuwa wenye waume. Wanaolea peke yao walipata jambo jingine, pengine kubwa zaidi: walihamia kazi zenye saa za kueleweka, wakafanya kazi kwa muda mfupi zaidi bila kipato kupungua.

Gharama kubwa ya kituo ni mishahara ya walezi, kisha uji, maji na kodi ya nyumba. Kwa hiyo mtindo wa kumfadhili mtoto mmoja mwenye picha na barua, ingawa huwavutia wafadhili, haufai sana Goma. Familia huhama ghafla kwa vita. Mtoto akiondoka fedha yake hukatika, ilhali mshahara wa mlezi uko palepale. Ni afadhali kufadhili nafasi, yeyote atakayeikalia. Mama naye achangie kidogo kwa siku, kwani anachuma kwa siku, na asamehewe wakati mpaka wa Rwanda umefungwa, kama ilivyotokea Machi 2020 kwa sababu ya korona. Mfadhili wa mbali azingatie pia kwamba benki za Goma zilifungwa baada ya waasi wa M23 kuuteka mji mwishoni mwa Januari 2025. Tangu hapo fedha nyingi hupitia simu.

Uchaguzi wa mahali una hatari ambayo miji mingi haina: mazuku. Hii ni hewa ya kaboni dioksidi itokayo ardhini, nzito kuliko hewa ya kawaida, ambayo hutuama mabondeni, hasa magharibi mwa mji. Mtu mzima aliyesimama anaweza asidhurike mahali ambapo mtoto anayetambaa anakosa hewa. Kituo kiwe mahali palipoinuka, na wataalamu wa volkano wapime kiwanja kabla ya kodi kulipwa. Uwanja wa kuchezea nao umwagiwe udongo, maana mawe ya lava hukata kama chupa.

Volkano ya Nyiragongo, iliyo karibu na mji, ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, watoto wengi walipotezana na familia zao katika msukosuko wa kukimbia. Ndiyo maana kila kituo kinapaswa kuwa na daftari lenye jina la mtoto, mtaa anaokaa, namba mbili za simu na majina ya wanaoruhusiwa kumchukua. Nakala moja ya daftari hilo ikae nje ya jengo, kwa mlezi mkuu.