Maneno ya Nyimbo Yapate Kusikika

Jumapili moja, katika kanisa moja la hapa Nansio, bibi mmoja mzee alitungojea mlangoni akatuuliza, “Mwalimu, aliyekufa ni nani?” Tukashangaa, maana hapakuwa na msiba. Kumbe wanakwaya waliimba ya kuwa Bwana “amekufaa” katika shida zako zote, naye alisikia “amekufa.” Sauti zilikuwa tamu, na kinanda kilipigwa vema, neno tu ndilo lililopotea. Kwa sababu hiyo twawaandikia ndugu zetu wafundishao nyimbo haya machache.

Asili ya kwanza ya kosa ni mkazo. Katika Kiswahili mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Maneno yasiyofuata kanuni hii ni machache, nayo yatuonya: “barabara,” mkazo ukiwa juu ya silabi ya tatu, ni njia, ukiwa juu ya silabi ya pili, maana yake ni sawasawa. Lakini tuni nyingi tulizozipokea kutoka Ulaya zilitungwa kwa maneno ya lugha nyingine, na mistari yake mingi humalizikia kwa pigo zito. Tukitia maneno yetu humo bila kuyapima, “Mungu” huwa mu-NGU, na “Bwana” huwa bwa-NA. Msikilizaji hana budi kulitengeneza neno kwanza moyoni mwake, na kabla hajamaliza, mstari wa pili umekwisha kupita.

Asili ya pili ni kufupisha vokali. “Kondoo” akiimbwa kwa noti moja fupi mwishoni huwa “kondo,” nalo ni neno la wakunga, si la wachungaji. Hali kadhalika “m” ya “mtu” ni silabi kamili. Ikimezwa, neno hubaki nusu. Tena kandokando ya ziwa hili wengi wetu hubadilishana l na r: karamu ya Bwana ikawa kalamu, na mahali pa raha pakawa mahari. Katika mazungumzo maana ya sentensi hutusaidia. Katika wimbo, ambamo maneno huvutwa na kukatwa, msaada huo hupungua.

Wala Wakerewe si wageni wa mambo haya. Kikerewe hutofautisha vokali fupi na ndefu, tena kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya neno lenyewe. Atungaye kwa lugha hiyo yampasa aliseme neno kwanza, ausikilize mwendo wake, ndipo atafute tuni. Na tuwakumbuke wapiga makafi: mmoja huanzisha, wengine humwitikia. Sauti moja huchukua habari mpya, na sauti nyingi hurudia lile lililokwisha kujulikana.

Basi twashauri hivi. Kwanza, kwaya isome maneno kwa sauti, kama watu wanaozungumza, kabla ya kuimba. Pili, mwalimu apime kila beti, si beti la kwanza tu, maana mara nyingi la kwanza hukaa vizuri na la tatu huharibika. Tatu, pumzi ivutwe mwisho wa fungu la maneno, isivutwe kamwe katikati ya neno. Nne, sauti zote nne zitamke neno moja kwa wakati mmoja, hasa neno lililo kiini cha wimbo. Tano, kinanda na vipaza sauti visiwashinde waimbaji. Mwisho, mtu asiyeujua wimbo aketi nyuma bila kitabu, kisha aeleze alilosikia. Huyo ndiye mkaguzi wa kweli.

Mtaguso wa Vatikano wa Pili, kwa hati yake juu ya liturujia ya mwaka 1963, uliifungulia mlango lugha ya watu katika Misa iliyokuwa ya Kilatini. Faida yake i wapi, ikiwa Kiswahili chetu chaimbwa kisieleweke kuliko Kilatini kile? Wako wengi kanisani wasioweza kusoma. Kwao wimbo ndio kitabu. Bibi yule alithubutu kuuliza. Je, ni wangapi waondokao kimya?