Jani Moja la Usambara

Kata kwa wembe safi jani moja la ua la Usambara, pamoja na kikonyo chake, ulichomeke kwenye mchanga wenye unyevu. Usipolisumbua, baada ya miezi miwili au mitatu utaona vijani vidogo vyenye manyoya vikichomoza ubavuni mwa kikonyo. Hapakuwa na mbegu, wala jicho kama la kiazi, wala kipande cha shina. Mmea mzima, mizizi na maua yake, umezaliwa na jani.

Ua hili hukaa kwenye vyungu madirishani huko Ulaya na Marekani: majani manene yaliyojipanga duara kama sahani, na katikati maua ya zambarau yenye kitone cha manjano. Kwao ni huku kwetu. Huota kwenye miamba yenye kivuli na ukungu katika milima ya Usambara, Nguru na Uluguru, na ng'ambo ya mpaka huko Taita na misitu ya pwani ya Kenya. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa wilaya ya Tanga, aliliona na kulipeleka kwa baba yake Ujerumani. Kutoka hapo likamfikia Hermann Wendland, mkuu wa bustani za Herrenhausen mjini Hannover, naye mwaka 1893 akalitangaza kwa jina la Saintpaulia ionantha, akiwaenzi baba na mwana. Wajerumani hadi leo huliita violeti la Usambara, ingawa si violeti hata kidogo.

Wengine walikuwa wamelichuma kabla ya Saint Paul-Illaire. John Kirk, mwakilishi wa Uingereza Unguja, alipeleka sampuli kwenye bustani ya mimea ya Kew, Uingereza, mwaka 1884, na mwaka 1887 akafuatia Kasisi W. E. Taylor wa Mombasa, yuleyule ambaye wapenzi wa ushairi wanamfahamu kwa kuzihifadhi tungo za mshairi Muyaka wa Mombasa. Sampuli zao zilikaa bila jina. Nafurahi kila nikikumbuka kwamba mtu aliyezisikiliza beti za Mombasa alisimama pia kuinamia kiua cha mwambani.

Tulirudie jani, maana hapo ndipo penye ajabu. Usichague la chini kabisa lililozeeka, wala lile changa la katikati. Chukua la safu ya kati, lililokomaa na bado lina nguvu. Kikonyo kiache urefu wa sentimita tatu hivi, ukikate mshazari ili kidonda kiwe kipana. Mchanga msafi uliochanganywa na makumbi ya nazi yaliyosagwa unafaa sana. Udongo mzito wa bustani hushika maji, na kikonyo kikaoza kabla hakijatoa mzizi. Chomeka kidogo tu, sentimita moja na nusu yatosha. Kisha funika kwa chupa ya maji ya plastiki iliyokatwa kitako. Jani lisilo na mizizi linapoteza maji bila kuyarudisha, na hewa yenye unyevu ndani ya chupa ndiyo inayolishikilia hai. Weka penye mwanga, jua lisilichome. Ukimwagilia, tumia maji yenye joto la chumbani na uyamimine pembeni. Maji baridi yakidondokea jani lenye joto, seli zake huharibika na kuacha mabaka ambayo hayatafutika.

Ndani ya kikonyo kuna kazi mbili zinazoendelea. Mizizi huanzia kwenye seli za ndani, karibu na mishipa ya maji, nayo hutangulia kwa wiki tatu au nne. Machipukizi huanzia kwenye ngozi ya nje: seli iliyokwisha kuwa ngozi tu huacha kazi yake, huanza kugawanyika upya, na kujenga mmea. Binadamu hawezi hivyo. Ngozi ya mkono wa mtu haizai mtu.

Siri hiyo ya ngozi ndiyo inayoeleza jambo linalowasumbua wakuzaji wa maua. Kuna aina ambazo petali zake zina mistari. Ukiotesha jani lake, watoto hutoka bila mpangilio ule. Mistari hutokana na mmea kuwa na tabaka mbili za seli zenye vinasaba tofauti, moja juu ya nyingine, na chipukizi lililoanzia kwenye ngozi peke yake limerithi tabaka moja tu. Aina hizo huzalishwa kwa vichipukizi vya ubavuni, ambavyo hubeba tabaka zote.

Kwa aina za kawaida, jani hutoa nakala ya mama, na rangi mpya hutafutwa kwa mbegu. Porini mbegu huhitaji nyuki mwenye kelele. Chavua imefungiwa ndani ya vifuko viwili vya manjano. Nyuki huling'ang'ania ua na kuvuma kwa nguvu hadi chavua imwagike kwa mtetemo. Chunguza pia kijiti cha kike: katika ua moja kimepinda kulia, katika jingine kushoto, kama mtu na kivuli chake kwenye kioo.

Huko porini, miti ya juu ikikatwa, mwamba hupigwa na jua, ukungu hukauka, na maua haya hufa pamoja na kuvu na makangaga yake. Baadhi ya aina zimebaki kwenye vipande vidogo sana vya msitu, kama ile ya Taita katika msitu wa Mbololo. Ya mwambani yaacheni pale. Jani la kuotesha muombe jirani au mwenye kitalu. Likifungwa kwenye karatasi laini yenye unyevu husafiri siku kadhaa bila kufa. Na watoto wakishatoa majani manne au matano na kuhamishiwa kwenye makopo yao, usimtupe mama: kata upya ncha ya kikonyo, umchomeke tena, atazaa mara ya pili.