VITUNGUU VYA KUJIZALISHA: FAIDA IKO KWENYE MBEGU

WAFANYABIASHARA wa mazao wamezoea kuhesabu gharama ya vitunguu kuanzia kopo la mbegu. Hata hivyo, ipo jamii ya vitunguu isiyohitaji kopo hilo. Mbegu yake ni kitunguu chenyewe, na kwa sababu hiyo soko lake lina hesabu zake, zilizowahi kuwafikisha wakulima na makampuni mahakamani.

Vitunguu hivyo ni shaloti na ndugu zake, ambavyo hugawanyika ardhini. Katika jimbo la Bretagne, magharibi mwa Ufaransa, shaloti hupandwa mwishoni mwa majira ya baridi na kung'olewa kiangazi. Kitunguu kimoja hutoa kichala cha vinne hadi kumi na viwili, vyote vikiwa na sifa zile zile za mama yao. Ndiyo maana aina za zamani zimeweza kurithishwa katika bustani za nyumbani bila kubadilika.

Ipo pia aina ambayo Wamarekani huifananisha na kiazi. Kitunguu chake kikubwa kikipandwa huzaa vingi vidogo, na kidogo kikipandwa mara nyingi hunenepa kikawa kikubwa kimoja. Mwenye bustani anayejua kazi yake huweka akiba ya saizi zote mbili: vidogo vya kumpa vitunguu vya kupikia mwakani, vikubwa vya kumwongezea mbegu. Aina hiyo ilikuwa imekaribia kupotea madukani huko Marekani. Southern Exposure, kampuni ndogo ya mbegu iliyoanzishwa Virginia mwaka 1982, ni miongoni mwa walioirudisha sokoni.

Hesabu ya mtaji ni hii. Tuseme mkulima amepanda kilo 10 na kila kilo imezaa sita. Ana kilo 60. Akirudisha 10 shambani, anabaki na 50 za kuuza. Akitaka kupanua shamba mara mbili, lazima azuie 20, na hapo ndipo wengi hushindwa, hasa bei inapokuwa nzuri. Huuza vilivyonona na kupanda makombo. Mbegu hii inaliwa, kwa hiyo bei ya chakula na bei ya mbegu hushindana ndani ya ghala moja. Anayeweza kukausha vizuri na kuhifadhi mahali penye hewa hadi msimu wa kupanda ndiye anayepanga bei.

Hatari yake kubwa ni magonjwa. Virusi vinavyoenezwa na vidukari huingia kwenye kitunguu na kurithiwa na watoto wote, mavuno yakapungua mwaka hadi mwaka bila mkulima kujua sababu. Mbaya zaidi ni kuvu wa kuoza mizizi, mwenye ukungu mweupe, anayeweza kukaa udongoni hadi miaka 20. Mbegu ya bei nafuu kutoka kwa jirani inaweza kuwa ghali kuliko zote.

Ugomvi wa Ufaransa ulianzia kwenye gharama hizo. Shaloti ya asili hupandwa kwa mkono, kimoja kimoja, na mbegu yake ni nzito kusafirisha. Waholanzi walitengeneza aina zinazooteshwa kwa mbegu za kawaida, zikiwemo Ambition na Matador, ambazo mashine huzipanda kwa urahisi. Wakulima wa Bretagne walilalamika kuwa hivyo ni vitunguu vya kawaida vilivyovikwa jina la watu. Amri ya serikali ya Ufaransa ya Mei 17, 1990 iliruhusu jina la shaloti litumike kwa zile tu zinazozalishwa kwa vitunguu.

Makampuni ya Kiholanzi ya De Groot en Slot na Bejo Zaden yalipinga amri hiyo, na shauri likafika Mahakama ya Haki ya Ulaya. Januari 10, 2006 mahakama ilitamka kuwa katazo hilo linakwenda kinyume na biashara huria kati ya nchi wanachama. Mnunuzi angeweza kulindwa kwa maelezo kwenye lebo. Wakulima walikuwa na hoja ya kweli kuhusu tofauti ya bidhaa, ila walichagua silaha isiyoruhusiwa katika soko la pamoja.

Kwa mnunuzi wa jumla, tofauti inaonekana kwa macho. Shaloti ya asili ina kovu kwenye tako, pale iliposhikana na mama yake, na ikikatwa aghalabu huonyesha vichipukizi zaidi ya kimoja visivyokaa katikati. Ya mbegu hukatika kwa duara zinazolingana, kama kitunguu cha kawaida.

Wawekezaji wadogo wa Afrika Mashariki wanaofikiria kuagiza mbegu za Bretagne wanapaswa kujihadhari. Aina hizo hungoja siku ndefu za kiangazi cha Ulaya ndipo zifunge vitunguu. Kwenye saa 12 za mchana wa ikweta zinaweza kubaki majani matupu. Pa kuchungulia ni Brebes, kisiwani Java, ambako shaloti nyekundu ni zao kuu la biashara, au Anloga nchini Ghana, ambako hulimwa kwenye ukanda mwembamba wa mchanga kati ya bahari na ziwa la chumvi la Keta. Brebes iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, sawa na Dar es Salaam.