Kongamano si tafrija, ewe mbunifu chipukizi

Mwanao anayesomea ubunifu, uwe wa mitindo ya mavazi, fanicha au michoro ya matangazo, akikuomba pesa za kuhudhuria kongamano, utamjibu vipi? Wazazi wengi huguna. "Uende kusikiliza watu wakizungumza siku tatu, ilhali karo haijakamilika?"

Malalamiko hayo si ya bure. Nauli, malazi na kiingilio vyaweza kumaliza akiba ya miezi mingi. Isitoshe, wapo vijana ambao hurudi na mfuko wa vijikaratasi na picha tu. Hata hivyo, kabla ya kukataa, hebu tutazame yaliyompata kijana mmoja wa Malawi.

William Kamkwamba aliacha shule njaa ilipoikumba nchi yake na wazazi wake wakashindwa kulipa karo. Akiwa na umri wa miaka 14, mnamo 2002, alisoma vitabu vya maktaba ya kijijini akaunda mtambo wa upepo kwa vipuri vya baiskeli, feni ya trekta na miti ya mkaratusi. Ukawasha taa nyumbani kwao. Wanakijiji waliodhani amerukwa na akili wakabaki vinywa wazi.

Miaka mitano baadaye alialikwa Arusha, Tanzania, kwenye mkutano wa TED wa mwezi Juni 2007. Mkutano huo ulianza Marekani mwaka wa 1984 kuwakutanisha watu wa teknolojia, burudani na ubunifu. Ilikuwa mara yake ya kwanza kupanda ndege. Jukwaani alizungumza dakika chache tu, kwa Kiingereza cha kubabaisha na moyo ukimdunda.

Alipata nini? Kwanza, macho yake yalifunguka. Huko ndiko alikoiona intaneti kwa mara ya kwanza, akagundua kwamba mitambo kama wake ilikuwa imejaa duniani na michoro yake ipo. Pili, alikutana na watu waliomsaidia kuendelea na masomo na kuuboresha mtambo wake. Mwaka wa 2014 alihitimu katika Chuo cha Dartmouth, Marekani. Tatu, na huenda hili ndilo kubwa, aliketi pamoja na Waafrika wengine waliokuwa wakiunda vitu, akajua hayuko peke yake.

Mbunifu akijifungia chumbani hujisifu au hujidharau kupita kiasi. Akitoka na kuionyesha kazi yake kwa wenzake, atakosolewa, na hapo ndipo atakapokomaa. Aidha, ataelewa bei ya kazi yake, jambo ambalo darasani halifundishwi sana.

Wala si lazima kwenda mbali. Design Indaba ilianzishwa Cape Town mwaka wa 1995, ikawa ithibati kwamba Afrika nayo yaweza kuwaita wabunifu wa dunia. Hapa Nairobi maonyesho, warsha na mihadhara haikosekani, na mingine haitozwi chochote.

Basi kijana, ukipata nafasi, fanya haya. Uliza mapema kama kuna ada nafuu ya wanafunzi, au kama wanahitaji vijana wa kujitolea. Beba kazi zako chache zilizo bora, si zote. Usikae na marafiki zako pekee. Mwendee mgeni umsalimie na umwulize swali moja uliloliandaa. Na ukirudi nyumbani, waandikie uliokutana nao kabla ya wiki kupita.

Nawe mzazi, usitoe pesa kiholela. Mwulize mwanao anakwenda kumwona nani na kujifunza nini. Akishindwa kujibu, asubiri. Akijibu vyema, mchangie nauli. Wahenga walisema tembea uone, na mwana aliyeona hawezi kurudi alivyokuwa.